Je, kasuku anaelewa anachokisema? Dhana potofu na ukweli

Mtu anayerudia maneno asiyoyaelewa huambiwa kwamba amekariri kama kasuku, na kwa kuwa msemo huo tumeuzoea tangu utotoni, wengi wetu tumeugeuza kuwa ushahidi dhidi ya ndege mwenyewe. Wapo pia wanaotazama video za kasuku wanaoongea wakaamini kwamba ndege huyo anazungumza sawasawa na binadamu. Kwa maoni yangu pande zote mbili zinakosea, ila kosa la upande wa kwanza ni kubwa zaidi, kwa sababu linafumbia macho majaribio ya miaka thelathini.

Dhana: Kasuku huiga sauti tu, na maneno hayana maana yoyote kwake

Kasuku wengi wanaofugwa huiga tu, hilo ni kweli, lakini chanzo kikubwa ni namna wanavyofundishwa. Ndege anayesikia neno mara mia kwa siku, bila neno hilo kuandamana na kitu anachokitaka, hana njia ya kujua linahusu nini.

Mwaka 1977 mtafiti wa Marekani, Irene Pepperberg, alinunua kasuku wa kijivu wa Afrika katika duka la wanyama jijini Chicago, akamwita Alex. Badala ya kumrudishia ndege neno lile lile hadi alishike, alitumia watu wawili waliokaa mbele yake: mmoja alishika kitu na kuuliza ni nini, mwenzake akajibu, akipatia alikabidhiwa kitu hicho, akikosea kiliondolewa machoni pake, kisha wakabadilishana nafasi. Alex alitazama, akataka naye kushiriki, na alipotamka neno sahihi alipewa kitu kile kile alichokitaja, si kipande cha chakula kisichohusiana nacho. Hapo ndipo ninapouona msingi wa jambo lote, kwani neno liliunganishwa na kitu chake tangu siku ya kwanza. Kasuku waliowekewa kanda za sauti au video peke yake hawakujifunza kwa namna hiyo.

Baada ya miaka mingi Alex aliweza kutaja vitu vipatavyo hamsini, rangi saba, maumbo matano na idadi hadi sita. Lakini kutaja peke yake hakuthibitishi mengi. Kinachoshawishi ni maswali yaliyomlazimu kuchambua kitu alichokiona. Alionyeshwa vitu viwili na kuulizwa ni kipi kinachofanana baina yao au kinachotofautiana, naye alijibu kwa kutaja rangi, umbo au aina ya kitu vilivyotengenezwa navyo, hata pale alipoonyeshwa vitu ambavyo hakuwahi kuviona. Swali lilibadilika huku vitu vikibaki vile vile, kwa hiyo ndege asiyelielewa swali asingeweza kujua ni jibu lipi linalotakiwa. Pasipokuwa na tofauti yoyote alijifunza kujibu kwamba hakuna, na baadaye, bila kufundishwa, akalitumia neno hilo hilo alipoulizwa kuhusu idadi ambayo haikuwapo kwenye sinia. Katika majaribio mengi alipatia takribani mara nne kati ya kila tano, na mtu anayebahatisha hafikii kiwango hicho.

Dhana: Alikuwa akisoma ishara za mwalimu wake

Pingamizi hili ni la haki, na lina historia. Mwanzoni mwa karne ya ishirini farasi wa Ujerumani aliyeitwa Hans alisifiwa kwamba anajua hesabu, hadi Oskar Pfungst alipoonyesha mwaka 1907 kwamba mnyama huyo alikuwa akitambua mabadiliko madogo ya mwili wa muulizaji, na hivyo kujua wakati wa kuacha kugonga kwato. Hata hivyo, farasi yule alihitaji kujua wakati wa kuacha tu, ilhali Alex alipaswa kuchagua neno moja kati ya mengi. Isitoshe, katika majaribio ya kufanana na kutofautiana vitu vilionyeshwa na mtu mwingine, huku Pepperberg akiwa amevipa mgongo, asijue ni vipi, na kazi yake ikiwa kurudia kile alichokisikia ndege akikitamka.

Dhana: Kasuku mwenye maneno mengi ndiye mwenye akili zaidi

Wingi wa maneno hupima kumbukumbu na uwezo wa kutamka. Puck, kasuku mdogo wa California, aliingia katika rekodi za dunia kwa maneno 1,728. Alex alikuwa na sehemu ndogo tu ya hayo, lakini yake yalipimwa kwa maswali.

Dhana: Kasuku hukatwa ulimi ili aongee

Huu ni ukatili usio na faida yoyote. Sauti ya ndege hutoka kwenye sirinksi, kiungo kilichopo mahali ambapo bomba la hewa hugawanyika kuelekea kwenye mapafu, na kasuku huutumia ulimi wake mzima kuiunda sauti hiyo.

Dhana: Kipaji cha kuiga sauti hakina kazi porini

Kasuku huishi katika makundi, na milio ya kuitana huwasaidia kutambuana. Mwaka 2011 Karl Berg na wenzake walichapisha utafiti wa kasuku wadogo wa Venezuela ambao mayai yao yalihamishwa kutoka kiota kimoja hadi kingine. Makinda walikua na milio iliyofanana na ya wazazi waliowalea, si ya wale waliotaga mayai, jambo linaloonyesha kwamba mlio wa kumtambulisha kila mmoja hufunzwa kiotani.

Dhana: Kasuku huzungumza lugha kama binadamu

Alex aliomba kitu, na akipewa kingine mara nyingi alikikataa na kurudia ombi lake. Huko ni kulitumia neno kwa maana. Lakini hakusimulia yaliyotokea jana, wala hakuunganisha sentensi ndani ya sentensi kama afanyavyo mtoto anapokua.

Usiku wa mwisho kabla ya kifo chake, mwezi Septemba 2007, alimwambia Pepperberg awe mwema, kwamba wataonana kesho, na kwamba anampenda. Wengi huisoma kauli hiyo kama wosia. Kwa kweli yalikuwa maneno ya kuagana ya kila jioni, na hapakuwa na dalili kwamba alijua kitakachofuata. Hata hivyo, aliyatamka pale mwenzake alipokuwa akiondoka. Mgonjwa naye hujibu "sijambo" anaposalimiwa, na hakuna anayesema kwamba hajui maana ya kusalimiana.