Nikisikia tena "mwongezee taa"

Jumamosi iliyopita ilikuwa mara ya tatu mwezi huu. Nipo pembeni ya uwanja wa shule huku Temeke, napiga picha za mmoja mmoja za timu ya chini ya miaka 13. Mama mmoja anasogea, ananinong'oneza kwa adabu zote: "Samahani kaka, huyu wangu mweusi sana. Mwongezee taa kidogo asije akapotea."

Hapotei, mama. Tangu nianze kazi hii sijapoteza mtoto hata mmoja.

Simlaumu sana, maana hata wenzangu wa kamera wanaamini hivyo hivyo. Wanabandika flashi juu ya kamera, wanaipandisha mpaka mwisho, wanammulika mtoto usoni kama wamemfumania anaiba maembe. Inatoka picha ya nukta nyeupe kwenye paji la uso, mashavu ya majivu, na jezi nyeupe iliyoungua hata nembo haionekani. Halafu wanasema ngozi nyeusi ni ngumu kupiga.

Tuanze na kamera yenyewe, kwa haraka. Kipimo chake cha mwanga kinadhani kila kitu duniani ni kijivu. Mtoto akisimama na anga jeupe nyuma yake, kamera inaona mwanga umezidi, inapunguza, uso unakuwa mkaa. Mtoto yule yule msogelee mpaka uso ujaze fremu: kamera inaona giza, inapandisha, anatoka amepauka kama kamwagiwa unga wa sembe. Yeye hajabadilika rangi. Weka manuali, yaani upange mwanga mwenyewe, pima usoni, punguza kidogo, endelea na kazi. Na tusisahau kwamba enzi za filamu, Kodak walikuwa wakizipelekea maabara kadi za kupimia rangi zenye picha ya mwanamke wa Kizungu, kadi za "Shirley". Vifaa vyenyewe havikupangwa kwa ajili yetu, lawama akabebeshwa mpigwa picha.

Sasa hapa ndipo ninapotaka tukae. Kabla ya watoto nilikuwa napiga magari ya kuuza, na gari jeusi ndilo lililonifundisha ngozi. Gari jeusi likitoka kuoshwa, umbo lake unalionaje? Mistari ya milango na mkunjo wa boneti unaviona kwa sababu anga limejichora kwenye bati. Limulike na tochi kwa mbele, utaiona tochi tu. Ngozi nyeusi nayo iko hivyo: mwanga mwingi unaoingia unamezwa, umbo linachorwa na ule unaoteleza juu yake na kurudi. Kwa hiyo usiniulize taa ngapi. Niulize iko wapi, na ni kubwa kiasi gani.

Mimi naweka softboksi, taa iliyofunikwa kitambaa cheupe cha kulainisha mwanga, ya sentimita 120 ubavuni mwa mtoto, nyuma kidogo ya usawa wa bega, karibu mpaka inataka kuingia kwenye fremu. Upande wa pili ukuta mweupe wa darasa, au shuka jeupe lililoshikwa na mchezaji wa akiba. Nguvu ya taa naishusha. Mwanga unaambaa kwenye shavu, unapita mfupa wa bega, unateremka hadi kwenye shavu la mguu, pale mazoezi ya miaka miwili yanapoonekana. Sogeza taa hatua moja mbele, umbo lote linalala. Irudishe, linaamka. Hatua moja tu! Nimewaonyesha watu hili kwa macho yao, na bado wanaenda kununua flashi ya pili.

Jua? Mwanzoni mwa Machi na tena Oktoba, jua la adhuhuri la Dar linapita utosini kabisa, macho ya watoto yanakuwa mashimo. Makocha wanapenda saa 6 mchana kwa sababu mechi imeisha na timu yote ipo. Basi nawapeleka ukingoni mwa kivuli cha mwembe, nyuso zikielekea kwenye mwanga. Jioni ni tamu zaidi, lakini huku kwetu jua likishazama una kama dakika 20 na giza limeingia, na watoto wako 18. Piga hesabu.

Moto na radi ambazo wengine wanawabandikia wachezaji kwenye picha kwa kompyuta sizungumzii. Nitapandisha presha bure.

Kuhusu mafuta: akina mama wanawapaka watoto mpaka wanameremeta, na wapiga picha wanawafuta. Waacheni. Mng'ao ule ule unaoharibu picha ya flashi ya mbele ndio unaoipamba picha ya taa ya ubavuni.

Ila kuna mambo mawili yananisumbua. Taa ya ubavuni inachonga misuli kuliko ilivyo. Kuna kijana wa miaka 12 nilimtoa vizuri kiasi kwamba kocha wake alinipigia usiku: "Kaka, hii picha nzuri, lakini nikiipeleka kwenye mashindano watasema nimeleta kijeba, aliyezidi umri." Tukacheka, nikairudia kwa mwanga laini wa mbele. Lakini tangu siku hiyo najiuliza ninampiga mtoto aliye mbele yangu au yule baba yake anayemuota.

La pili ni chupa ya maji. Asubuhi kabla ya mazoezi hakuna jasho, na bila jasho mwanga hauna pa kushika, kwa hiyo nawapulizia watoto maji usoni na mabegani. Nimefanya hivyo miaka kadhaa bila kuwaza. Jumamosi, mtoto wa yule mama alipofika zamu yake, nikampulizia. Akajifuta kwa mkono wa jezi, akaniangalia.

"Anko, lakini mimi bado sijakimbia."

Nikamwambia azunguke uwanja mara mbili, nitamsubiri.