Blogu nyepesi: yanayosemwa Lubumbashi na yaliyo kweli

Anayefuatilia mechi za Mazembe kule Kamalondo na mwanafunzi anayekusanya habari za mji tangu ulipoitwa Elisabethville wana shida moja wanapotaka kufungua blogu: kila mtu ana ushauri kuhusu mandhari ya kutumia (theme, yaani mwonekano wa tovuti uliotengenezwa tayari), na sehemu kubwa ya ushauri huo haina ukweli.

Linalorudiwa zaidi ni kwamba mandhari nyepesi, yenye maandishi meusi kwenye weupe na menyu ya maneno matatu, ni ya mtu asiyejua kazi. Mimi naona kwamba hapo ndipo ujuzi unapopimwa. Msomaji wako wa Katuba anafungua ukurasa kwa simu na kwa mega alizolipia mwenyewe. Ukurasa wa maandishi wenye CSS fupi (maagizo ya rangi, herufi na mpangilio) unaweza kukaa chini ya kilobaiti 50. Picha moja iliyotoka kwenye kamera ya simu bila kupunguzwa inaweza kufika megabaiti 3, yaani uzito wa kurasa 60 za namna hiyo. Fonti za kupakuliwa nazo huongeza mzigo, kwa kuwa mara nyingi maandishi ya kawaida, mazito na ya mlazo huja kila moja na faili lake. Andika `font-family: system-ui, sans-serif` na simu itatumia herufi ilizo nazo tayari. Kisha weka `max-width: 65ch` ili mstari usiwe mrefu kupita kiasi kwenye kompyuta. Mistari hiyo miwili ya CSS inamsaidia msomaji kuliko picha kumi zinazojizungusha juu ya ukurasa.

Wengine wanadhani tovuti tuli ni teknolojia iliyopitwa na wakati. Jekyll ya Tom Preston-Werner, programu ya kutengeneza tovuti za aina hiyo, ilitoka mwaka 2008, Hugo ya Steve Francia, ya kazi hiyohiyo, ikafuata 2013, na zote mbili zinatumika mpaka leo. Utuli wake ni kwamba kurasa zinajengwa mapema, kabla msomaji hajaziomba, kwa hiyo seva haihitaji hifadhidata.

Na si kweli kwamba lazima uwe na intaneti muda wote wa kazi. Ukiandika amri `hugo server` kwenye kompyuta yako, tovuti yako inafunguka kwenye kivinjari chako mwenyewe kwa anwani `localhost:1313`, hata kama huna mega moja. Umeme ukikatika unaendelea na betri ya kompyuta, na mtandao ukipatikana unapandisha kazi iliyokamilika. Hapa napendelea Hugo waziwazi: ni programu ya faili moja. Jekyll inahitaji kwanza lugha ya programu ya Ruby na vifurushi vyake, na huo ni upakuaji mwingi kwa mtu anayehesabu data.

Dhana inayoharibu kazi za watu wengi ni hii: ukitaka kubadilisha mandhari, ingia ndani ya folda yake uhariri faili zake. Siku ukisasisha mandhari hiyo, mabadiliko yako yanaweza kufutika yote, au sasisho likagongana nayo na kukataa kuingia. Hugo hutazama kwanza folda ya `layouts` ya kwako kabla ya ile ya mandhari. Kwa hiyo nakili faili unalotaka tu, tuseme `footer.html` ya sehemu ya chini ya ukurasa, uliweke kwako kwa jina na mpangilio uleule wa folda, kisha uhariri nakala hiyo. Jekyll nayo inafuata utaratibu huo: faili la Minima, mandhari mojawapo ya Jekyll, ukilinakili kwenye `_includes` yako, lako ndilo litakalotumika. Ila usinakili folda nzima kwa kujihami, maana kila faili ulilolinakili halitapata tena marekebisho ya mwenye mandhari.

Kisha kuna hili: makala haionekani, basi mandhari imeharibika. Angalia kwanza kama hukuacha `draft: true`, alama ya kwamba makala bado ni rasimu. Kama hukuacha, angalia saa. Tarehe uliyoiandika kwa mkono bila ukanda wa saa, Hugo huihesabu kwa UTC, saa ya kimataifa, nasi Lubumbashi tuko mbele kwa saa 2 mwaka mzima. Umeandika 08:00, ukajenga tovuti saa mbili na nusu asubuhi. Kwa Hugo makala hiyo ni ya saa nne ya kwetu, bado haijafika, na inaachwa nje bila ujumbe wowote wa kosa. Weka `timeZone = "Africa/Lubumbashi"` kwenye `hugo.toml`, faili la mipangilio ya tovuti, na tatizo limekwisha. Jina hilo ndilo linalotumika Goma na Bukavu pia. Kinshasa ina la kwake. Na kama ukurasa umeonekana lakini bila rangi wala mpangilio baada ya kupandishwa, kosa huwa mara nyingi kwenye `baseURL`, yaani anwani ya tovuti uliyoiandika kwenye mipangilio.

Pesa? GitHub Pages, huduma inayoweka tovuti tuli mtandaoni, haitozi chochote kwa faili zilizo wazi kwa umma, mradi tovuti isizidi gigabaiti 1.

La mwisho linaniuma zaidi kwa sababu linawafanya watu waache Kiswahili: eti mandhari hizi zimefungwa kwenye lugha za wenzetu. Mandhari nyingi za Hugo huweka maneno yake kwenye folda ya tafsiri, `i18n`. Tengeneza faili lako, `sw.toml`, kwenye folda ya `i18n` ya kwako, uandike "Soma zaidi", "Yaliyotangulia", "Tafuta", kisha weka `defaultContentLanguage = "sw"`. Hakikisha ukurasa uliojengwa una `lang="sw"`, ili programu zinazowasomea vipofu zijue ni lugha gani. Nukuu ya Kifaransa katikati ya makala ipe `lang="fr"` yake. Ukimaliza, mtumie mwenye mandhari faili hilo la tafsiri; akilipokea, atakayefuata Likasi au Kolwezi atalikuta tayari limo.