Aliyeishiwa Pumzi Msimlaze Chali

Mtu akibanwa na kifua ghafla mitaani kwetu hapa Uganda, iwe Kisenyi, Bombo au Busia, majirani hujaa chumbani. Huyu anamlaza kitandani, yule analeta maziwa ya moto, mwingine anammwagia maji kichwani. Wote wana nia njema. Lakini sisi wa kliniki ya mapafu tunajua dakika hizo zina thamani gani, na linaloniuma zaidi ni hilo la kulazwa chali.

Anayepigania pumzi mwili wenyewe humwinua aketi. Mwacheni aketi. Akilala chali, tumbo husukuma juu na kuyabana mapafu, na kama shida inatokana na moyo, maji huzidi kujaa mapafuni. Mwekeni kwenye kiti au ukingoni mwa kitanda, ainamie mbele kidogo, viwiko juu ya magoti. Kama amevaa gomesi, legezeni mshipi. Fungueni madirisha, toeni sigiri nje, na majirani nao watoke. Chakula na kinywaji visubiri, maana anayehema hivyo hupaliwa kwa urahisi.

Abaki mmoja wa kuzungumza naye kwa sauti ya chini. Avute hewa kwa pua, kisha aitoe taratibu kupitia midomo iliyobanwa, kama anayepoza chai. Kutoa kuchukue muda mrefu kuliko kuvuta. Mgonjwa wa pumu hewa humkwama ndani, kwa hiyo kumpigia kelele "vuta, vuta!" hakumsaidii.

Kama ana pumu na pampu yake ya salbutamol, dawa ya kuvuta ya kufungua njia ya hewa, ipo, itumieni mara moja. Wengi hupuliza dawa ikaishia ulimini. Chukueni chupa tupu ya maji ya nusu lita, iliyo safi na kavu, mtoboe kitako chake tundu linalouenea mdomo wa pampu bila kuacha upenyo. Tikiseni pampu, mgonjwa afumbate shingo ya chupa kwa midomo, bonyezeni mara moja, avute na kutoa hewa humo mara nne hadi sita. Kisha rudieni, mpulizo mmoja mmoja, hadi 10 ikibidi. Ni afadhali chupa hiyo iandaliwe leo, kabla ya shida.

Msingoje mpulizo wa kumi ndipo mtafute gari ikiwa hawezi kumaliza sentensi, midomo au ulimi umebadilika kuwa wa buluu au kijivu, anapumua zaidi ya mara 30 kwa dakika, au amechanganyikiwa. Kuna dalili moja inayowadanganya wengi: mlio wa kifua unanyamaza, mgonjwa anasinzia, watu wanashukuru kwamba amepata nafuu. Huenda amechoka kupumua, na hewa haipiti tena. Hapo ni hospitali yenye oksijeni, sasa hivi, akiwa ameketi garini. Dakika 10 zikipita bado mko njiani, rudieni pampu. Akizimia huku anapumua, ndipo alazwe, tena kwa ubavu.

Si kila kuishiwa pumzi ni pumu. Mtoto mwenye homa anayehema, viganja vikiwa vyeupe, huenda malaria imemmaliza damu. Pampu haitamsaidia, anahitaji kuongezewa damu. Mama aliyejifungua karibuni akikosa pumzi ghafla, fikirieni moyo au damu iliyoganda mapafuni. Mkimkuta mtu amelegea katika chumba kilichofungwa chenye sigiri, mtoeni nje kwanza. Na wale wanaokumbuka wimbi la Korona la mwaka 2021, wagonjwa wakilazwa kifudifudi: ule ulikuwa utaratibu wa hospitali, msiufanye nyumbani kwa mtu aliyebanwa na pumu.

Pampu ya salbutamol hufungua njia ya hewa kwa saa chache tu, haitibu uvimbe ulio ndani. Anayeihitaji zaidi ya mara mbili kwa wiki aje kliniki tumwongezee dawa ya kuvuta inayotuliza uvimbe huo, atakayoitumia kila siku hata akijisikia mzima. Tena akague pampu aliyonayo. Nyingi hubeba mipulizo 200, na baada ya hapo huendelea kupuliza gesi isiyo na dawa. Kuitumbukiza majini kuona kama inaelea hakumwambii lolote la uhakika. Isiyo na kihesabu cha mipulizo aiandikie kwa kalamu tarehe aliyoianza, kisha ahesabu.