Skopu isiyobadilika na inayobadilika: ipi inamfaa mwindaji?

Skopu ni darubini fupi inayofungwa juu ya bunduki. Ndani yake kuna alama, mara nyingi ya msalaba, ambayo mlengaji huiweka pale anapotaka risasi ipige. Kila skopu ina namba zake: 4x32, 6x42, 3-9x40, 1-6x24. Kilicho kabla ya x ni ukuzaji: skopu ya 4 humfanya mnyama aliye mita 100 aonekane kama yuko mita 25. Kilicho baada ya x ni upana wa lenzi ya mbele kwa milimita. Ikitangulia namba moja tu, skopu hiyo haibadiliki, ukuzaji wake ni uleule siku zote. Zikitangulia mbili, inabadilika, na upande wa jicho kuna pete unayoizungusha kutoka namba ndogo hadi kubwa.

Kwa haraka haraka mtu atasema inayobadilika imeshinda, maana 4 na 6 zote zimo ndani ya 3-9. Kuna ukweli hapo, na ndiyo maana madukani leo nyingi ni zinazobadilika. Lakini wanunuzi wengi huvutwa na ile namba kubwa: 9, 12, hata 16. Kwa mtu anayewinda kwa miguu naona wameshika mwisho usio wake. Faida kubwa ya skopu inayobadilika iko kwenye namba yake ndogo.

Mifano yangu ni ya Tanzania, ambako uwindaji unaruhusiwa kwa kibali chini ya Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009. Kenya ilipiga marufuku uwindaji wa wanyama wakubwa mwaka 1977. Chukua nyati kwenye miombo. Watu wamefuata nyayo tangu asubuhi, upepo uko sawa, na kundi limesimama ndani ya kichaka mita 30 mbele. Skopu ya 3-9x40 ikiwa kwenye 3 huonyesha eneo lenye upana wa mita 11 hivi kwa umbali wa mita 100. Ukiizungusha hadi 9, hubaki kama mita 4. Irudishe hesabu hiyo kwenye mita 30: kwenye 9 unaona upana wa mita 1.2 tu, na nyati ni mrefu kuliko hapo kwa mbali. Kinachojaa kwenye kioo ni ngozi nyeusi na matawi. Unajua ni nyati, ila hujui kama unatazama bega, tumbo au paja. Ni kama kuchungulia chumba kupitia tundu la ufunguo.

Zungusha pete irudi 3, eneo linakuwa mita 3 na zaidi kidogo. Sasa mguu wa mbele unaonekana, na jicho linapanda nao hadi theluthi ya chini ya kifua, panapokaa moyo. Unaona pia kama nyuma yake amesimama mwingine ambaye risasi inaweza kumfikia ikipita. Hilo la pili husahaulika, nalo ni zito: nyati aliyejeruhiwa bila mtu kujua hukaa kichakani akisubiri, na wanaokwenda kumfuata ni wafuata nyayo na mwindaji bingwa, yule mtaalamu anayeongoza msafara. Picha pana kwenye skopu ni usalama wa watu hao kabla ya kuwa raha ya mlengaji.

Ndiyo maana kwenye bunduki za nyati, kama zile za kipimo cha risasi cha .375 H&H zilizokuwapo tangu 1912, wengi sasa hufunga skopu ya 1-6x24 au inayokaribiana nayo. Kwenye 1 unalenga macho yote mawili yakiwa wazi na pori lote linabaki mbele yako. Baadaye mchana, ukikutana na kongoni kwenye mbuga mita 150, unapandisha hadi 4 au 6. Skopu isiyobadilika haiwezi kazi hizo mbili kwa usawa. Ya 4 inakaribia, kwa kuwa huonyesha mita 8 hadi 10 kwa umbali wa mita 100, na wazee wengi wamewinda nayo kila kitu bila kulalamika. Ya 6 huonyesha mita 6 au 7, na ndani ya kichaka inaanza kubana.

Jambo la pili ni mwanga, na hili unaweza kuliona mwenyewe bila bunduki. Shika skopu iliyofunguliwa kutoka kwenye bunduki, inyooshe mkono mzima mbele ya uso, ielekeze kwenye anga jeupe, usiielekeze kwenye jua kamwe. Kwenye lenzi ya jicho utaona kiduara cheupe kinachoelea. Huo ndio mwanga wote utakaoingia kwenye jicho lako. Zungusha pete kuelekea namba kubwa, kiduara kinasinyaa mbele ya macho yako. Upana wake ni lenzi ya mbele ukiigawa kwa ukuzaji. Skopu ya 6x42 inatoa milimita 7. Ya 3-9x40 ikiwa kwenye 9 inatoa 4.4, na ukiirudisha 6 inakaribia 6.7.

Mboni ya kijana gizani hufunguka hadi milimita 7 hivi. Umri ukisogea inapungua, wengi hufika 5 au chini yake. Mchana wa jua inabana hadi 2 au 3, kwa hiyo saa sita mchana skopu yoyote yenye heshima inatosha. Tofauti huja jioni. Chui anayelindiwa kwenye chambo hupenda kuja dakika za mwisho za mwanga, na mwenye skopu iliyobaki kwenye 9 huona kivuli pale ambapo kwenye 5 au 6 picha ingekuwa angavu zaidi. Wajerumani na Waaustria wanaokaa vichanjani usiku wakisubiri nguruwe pori walilijua hili zamani; skopu zao za jadi ni 6x42 na 8x56, zote hazibadiliki, na ukigawa unapata milimita 7 kwa kila moja.

Sifa ya skopu isiyobadilika ina historia yake. Mwaka 1930 Mmarekani William Weaver alianza kuuza modeli yake ya 330 kwa dola 19. Ilikuza kama mara 2.75 tu, lakini iliwaonjesha wawindaji wa kawaida kitu ambacho awali kilikuwa cha wenye fedha. Inayobadilika inahitaji vipande zaidi vya kioo, na vingine lazima viteleze ndani ya bomba pete inapozungushwa. Kioo kitupu hurudisha nyuma asilimia 4 hivi ya mwanga kwenye kila uso wa lenzi, hivyo kila lenzi iliyoongezwa iliipunguzia picha mng'aro. Mwaka 1935 Olexander Smakula wa Zeiss, kampuni ya lenzi ya Ujerumani, alibuni utando mwembamba wa kupunguza upotevu huo, na leo utando wa tabaka nyingi umeushusha hadi chini ya nusu asilimia kwa uso. Hoja ya mwanga iliyoibeba skopu isiyobadilika kwa miaka mingi imebaki ndogo kwenye skopu za bei ya juu. Kwenye zile za bei nafuu bado ina nguvu.

Kuna hoja ya vyuma pia. Sehemu zinazoteleza zikitengenezwa ovyo, risasi hubadilisha mahali pa kupiga kila pete inapozungushwa. Kwenye skopu nzuri za sasa hutaliona hilo, lakini usiliamini boksi. Nenda kwenye uwanja wa shabaha, egemeza bunduki vizuri, piga risasi tatu kwenye namba ndogo na tatu kwenye kubwa, zote ukilenga alama ileile. Mafungu mawili yakikaa mahali pamoja, nunua risasi zaidi uendelee na mazoezi. Yakiachana kwa upana wa kiganja, irudishe dukani.

Uzito nao si wa kupuuza. Skopu nyepesi ya 4 huwa na gramu 260 hadi 300. Nyingi za 3-9x40 huanzia 350 hivi, na za 1-6x24 hufika 500. Kwa siku ya kutembea kilomita 15 juani, bega linazijua gramu hizo.

Ukichagua inayobadilika, uliza jambo moja ambalo wauzaji wengi hawalitaji: je, alama ya kulengea inakua pamoja na picha au inabaki na ukubwa wake? Inayokua, vijistari vyake vya kufidia umbali ni sahihi kwenye kila namba, ila kwenye namba ndogo huwa nyembamba sana na hupotea kwenye kivuli cha kichaka. Inayobaki huonekana wazi wakati wote, lakini vijistari vyake ni vya kweli kwenye ukuzaji mmoja tu, kwa kawaida ule wa juu kabisa. Kwa pori la miombo ningechukua inayobaki, tena yenye alama nene isiyo na vijistari vingi. Skopu isiyobadilika haina swali hili kabisa.

Kwa bunduki nzito pima pia nafasi kati ya jicho na kioo. Isipungue sentimita 9. Baadhi ya skopu zinazobadilika hubana nafasi hiyo pete inapoelekea juu, na teke la .375 hupasua nyusi ya mtu aliyesogeza uso mbele kidogo.

Wale wa Umasaini watasema kwao ni tambarare, swala granti akikupa mita 200 umshukuru. Kweli, na hapo ukuzaji wa 6 una nafasi yake. Lakini fanya hesabu: kwenye 6, mnyama wa mita 200 anaonekana kama yuko mita 33. Hiyo inatosha kwa bega la swala. Ukipanda hadi 12 saa nane mchana unakuza pia mazigazi yanayotoka ardhini, na unakuza mtikisiko wa mikono yako. Alama inacheza, kidole kinaharakisha. Umbali unaohitaji 12 ni umbali wa kusogea karibu zaidi kwa miguu.

Kwa hiyo ningegawa hivi. Anayewinda nyati na palahala kwenye miombo, achukue 1-6x24 au 1.5-5, na akitaka isiyobadilika, ya 2.5 au 4. Mwenye bunduki moja ya kila kitu, kuanzia ngiri hadi pofu, atafaidika na 2-7 au 3-9. Anayewinda sehemu za wazi tu anaweza kuchukua 6x42 na asiguse kitu tena.

Fedha zikiwa chache, mimi ningenunua isiyobadilika ya kampuni nzuri kuliko inayobadilika ya bei hiyohiyo, kwa sababu fedha yote imekwenda kwenye kioo na bomba, na pete hakuna. Na aliye na inayobadilika aiache kwenye namba yake ya chini kabisa kila anapoanza kutembea. Mnyama aliye mbali hukupa muda wa kuzungusha pete. Aliyeibuka hatua 20 mbele yako hakupi.