Bibi hana majini, macho yake yamezorota

Ameletwa mwingine tena. Makula za macho yote mawili, yaani sehemu ndogo nyuma ya jicho inayoona vitu vya mbele kwa undani, zimezorota kwa umri, ameshapelekwa kwa mganga, ameshaombewa, na mwisho akapewa dawa za wagonjwa wa akili na mtu ambaye hakumpima macho. Kilichomponza ni kusema kwamba anaona watoto wamekaa kimya sebuleni.

Jambo hili si geni. Mwaka 1760 Charles Bonnet, mwanasayansi wa Geneva, aliandika habari za babu yake, mzee mwenye mtoto wa jicho na akili timamu, aliyekuwa akiona watu, ndege na majengo yasiyokuwepo. Ndiyo maana tunaita sindromu ya Charles Bonnet.

Makula ikifa, ubongo unakosa picha ulizozoea kuletewa, unaanza kutengeneza zake. Aliyekatwa mguu huwashwa na vidole visivyokuwepo. Hapa ni vivyo hivyo.

Sasa hoja ya ndugu wa mgonjwa inayonichosha: "Daktari, sura yangu bibi haioni, lakini vifungo vya kanzu za hao watu anavihesabu. Hilo si jini?" Hapana! Kile kifungo hakikupita kwenye jicho hata kidogo. Kimechorwa na ubongo wenyewe, na ubongo haujazorota, kwa hiyo picha inatoka kali kuliko kitu halisi kilicho mbele yake. Mnachokiita ushahidi wa jini ndicho kinachonielekeza mimi kwenye jicho.

Sikilizeni pia kisichokuwepo. Picha hizi hazisemi wala haziamrishi, na mgonjwa akitulia anajua si za kweli. Akisikia sauti, akisahau mambo au akichanganyikiwa ghafla, hapo natafuta kingine: homa, dawa anazomeza, Parkinson (ugonjwa wa kutetemeka na kukakamaa), ugonjwa wa kusahau.

Matibabu? Kuzorota huku kwa makula kuna aina mbili. Aina ya majimaji tunachoma sindano ndani ya jicho kuzuia mishipa ya damu inayovuja, na si mara moja. Aina kavu sindano hizo haziitibu. Sigara iachwe. Sindano zinaokoa uoni uliobaki, lakini siahidi kwamba zitafukuza picha. Vitabu vingi vinasema picha huisha ndani ya mwaka mmoja na nusu. Ninao wagonjwa waliopitisha muda huo na bado wanaziona. Na kwa nini wawili wenye makula zilizoharibika sawasawa, mmoja aone na mwenzake asione, sina jibu la kuniridhisha.

Zikija, washa taa, maana hupenda giza la jioni. Peleka macho kushoto na kulia haraka mara kadhaa. Simama, nyoosha mkono uguse pale zilipo. Kwa wengi zinatoweka.

Nanyi madaktari wenzangu, wazee hawatasema wenyewe, wanaogopa kuitwa wendawazimu. Muulizeni ninyi kwanza: "Bibi, huwa unaona vitu ambavyo wenzako hawavioni?" Na mumuulize wanawe wakiwa nje ya chumba.