Glavu Imara ya Mdakaji wa Besiboli: Yanayosemwa na Yaliyo Kweli

Hakuna mchezaji wa besiboli ambaye glavu yake huteswa kama ile ya mdakaji, kwa kuwa yeye huchuchumaa nyuma ya mpigaji na kupokea karibu kila mpira ambao haukupigwa. Mpira huo una uzito wa gramu 142 hadi 149, na katika ligi kuu ya Marekani mara nyingi hufika kwa kasi inayozidi kilomita 150 kwa saa. Ule aliourusha mrushaji Aroldis Chapman mwaka 2010 ulikaribia kilomita 170. Kwa sababu hiyo, anayetafuta glavu ya kumdumu misimu kadhaa hukumbana na ushauri mwingi, na sehemu kubwa yake, kwa maoni yangu, huharibu glavu kuliko inavyoisaidia.

Dhana iliyoenea kuliko zote ni kwamba glavu nzuri ni ile inayofumba kwa urahisi siku ile ile inaponunuliwa. Ulaini huo una gharama yake, kwa sababu ngozi iliyolainishwa sana kiwandani imekwisha kupoteza sehemu ya ukakamavu ambao ungeifanya ihifadhi umbo lake chini ya vishindo vya mpira. Glavu za wadakaji wazoefu kwa kawaida hushonwa kwa ngozi ya maksai, ambayo ni nzito na ngumu mwanzoni, au kwa ngozi ya ng'ombe mchanga, ambayo ni nyepesi zaidi huku nyuzi zake zikiwa zimebanana. Zote mbili humkaidi mwenye nazo kwa wiki kadhaa, kisha hujikunja pale mkono wake mwenyewe unapozikunja. Hata hivyo, si kila ugumu ni dalili ya uimara: zipo ngozi hafifu zilizosuguliwa uso na kufunikwa kwa tabaka nene la rangi ya plastiki, nazo pia huwa kavu na ngumu mkononi. Ukiikunja ngozi ya asili kwa kidole gumba, utaona mikunjo midogo isiyolingana ambayo hutoweka polepole unapoiachia, ilhali ile iliyopakwa plastiki huacha mstari mmoja mkali, na mstari huo ndipo ufa utakapoanzia.

Mahali pa kuchunguza kwa makini zaidi ni kwenye bawaba, yaani ule mkunjo ulio karibu na kisigino cha glavu. Glavu za zamani zilikuwa kama mto wa duara, na mdakaji alilazimika kuufunika mpira kwa mkono wa pili. Mwishoni mwa miaka ya 1960 wadakaji Randy Hundley na Johnny Bench ndio walioueneza udakaji wa mkono mmoja kwa glavu yenye bawaba. Tangu hapo sehemu hiyo imekuwa ikifunguka na kufumba maelfu ya mara, na mshono uliolegea hapo hautafichwa na ngozi nzuri ya kiganjani.

Wapo pia wanaoamini kwamba ugumu wa glavu mpya huondolewa kwa kuiweka ndani ya oveni au maikrowevu, kuiloweka kwenye ndoo ya maji, au kuimiminia mafuta hadi ing'ae. Hapa madhara ni makubwa. Ngozi iliyodabaghiwa ni mtandao wa nyuzi za kolajeni, yaani protini inayoijenga ngozi, zinazoteleza zikipishana kwa sababu ya mafuta yaliyomo kati yake. Joto kali huyafukuza mafuta hayo na kuzikunyata nyuzi zenyewe, na nyuzi zilizokwisha kukunyata hazirudi. Maji mengi nayo huondoka na sehemu ya mafuta yanapokauka, na kuiacha ngozi ikiwa ngumu kuliko mwanzo. Mafuta yakizidi huipenya ngozi na kuingia katika sufu iliyoshindiliwa ndani ya kiganja, ambako huifanya glavu iwe nzito na ilegee kabla ya wakati. Kinachofaa ni tabaka jembamba la mafuta ya ngozi kwa kitambaa, nyundo ya mbao ya kugongea pale mpira utakapotua, na zaidi ya yote kudaka mipira, kwanza ya mwendo wa pole, kisha ya kasi.

Dhana inayonisikitisha kuliko nyingine ni ile ya kuitupa glavu kwa sababu kamba imekatika. Kamba za ngozi hufa kabla ya glavu, na ndivyo zilivyokusudiwa: hubeba mvuto wa kila mpira, hasa zile za wavu ulio kati ya kidole gumba na cha shahada, kisha hubadilishwa. Kwa hiyo, kabla ya kuuliza bei, tazama kama kamba ni pana, zimekatwa kwa upana mmoja kuanzia mwanzo hadi mwisho, na zinapita katika matundu yasiyochanika kingo. Glavu isiyoruhusu kamba zake kufunguliwa na kufungwa upya haidumu, hata ikiwa ngozi yake ni ya daraja la kwanza.

Kuhusu ukubwa, baadhi ya watu hudhani kwamba glavu kubwa zaidi hudaka zaidi na kuchakaa polepole. Mwaka 1960 kocha Paul Richards wa timu ya Baltimore aliwatengenezea wadakaji wake glavu kubwa kupita kiasi ili waweze kuidaka mipira ya mrushaji wao Hoyt Wilhelm, ambayo haikuzunguka na hivyo iliyumba angani. Kanuni za sasa zinataka mzingo wa glavu ya mdakaji usizidi inchi 38, na urefu wake kutoka juu hadi chini usizidi inchi 15.5. Watu wazima wengi hutumia mzingo wa inchi 32 hadi 34.5. Kumbuka kwamba glavu za wachezaji wengine hupimwa kwa urefu, si kwa mzingo, na ndiyo maana namba zake huwa ndogo sana. Glavu inayouzidi mkono hupindapinda ovyo, na hivyo bawaba yake huchakaa upande mmoja.

Mlio mkubwa mpira unapotua hauthibitishi chochote kuhusu ubora wa ngozi. Na glavu ya besiboli isidakiwe mpira wa softiboli, wenye mzingo wa takriban inchi 12 ilhali ule wa besiboli hauzidi 9.25, kwa kuwa mfuko wake, yaani shimo la kiganjani mpira unapotua, utapanuka na hautaubana tena mpira mdogo. Baada ya mchezo, jasho lipanguswe, glavu ikaushwe kivulini mbali na buti la gari lenye joto, na ilazwe ikiwa na mpira mmoja ndani ya mfuko wake.