Je, Wajua Laptop ya GB 32 Inatoshaje, na Mafaili Yako Yanalala Wapi?

Ukiingia kwenye maduka ya laptop zilizotumika, iwe Kariakoo au Luthuli Avenue, hukosi kuiona Chromebook nyembamba, laptop inayotumia mfumo wa Google, ikiuzwa kwa bei ya simu ya kawaida. Uliza ukubwa wa diski, muuzaji atakujibu bila kupepesa macho: GB 32. Wateja wengi hucheka na kuirudisha mezani. Simu zao zina GB 128 na bado kila wiki zinalalamika kwamba zimejaa.

Mashine hiyo haikutengenezwa ili ihifadhi vitu. Barua, insha, picha na hesabu za duka vinatakiwa kukaa kwenye seva za mbali, yaani kompyuta za kuhifadhia unazozifikia kwa intaneti, na laptop yenyewe ibaki na kazi ya kuvionyesha na kukupa kibodi. Chromebook za kwanza, za Samsung na Acer, ziliingia sokoni Juni 2011. Ile ya Samsung ilikuwa na GB 16 tu na uzito wa karibu kilo moja na nusu, na Google walijisifu kwamba inawaka kwa sekunde 8. Hata kitufe cha Caps Lock walikiondoa, mahali pake wakaweka cha kutafutia.

Wazo lenyewe lilikuwa la zamani. Mwaka 1996 Larry Ellison, mkuu wa kampuni ya programu ya Oracle, alikuwa akinadi kompyuta ya mtandao, isiyohitaji diski kubwa, ambayo ingevuta kila kitu kutoka kwenye seva. Ilidoda. Enzi hizo watu wengi waliingia mtandaoni kwa laini ya simu ya nyumbani, na ukurasa wenye picha mbili tatu ulikutosha kwenda kuchemsha chai na kurudi. Miaka 15 baadaye intaneti ilikuwa imepata kasi, na wazo lilelile likauzika.

Ndani ya hizo GB 32, mfumo wa mashine umewekwa mara mbili. Nakala moja inafanya kazi, nyingine imekaa pembeni. Sasisho likija, linaandikwa kimyakimya kwenye ile ya pembeni huku wewe ukiendelea na barua yako. Ukizima na kuwasha, mashine inahamia kwenye nakala mpya. Kila inapowaka hukagua saini ya kidijitali ya mfumo, na ikigundua umechokonolewa, inaikataa nakala hiyo na kujaribu ile nyingine. Ndiyo maana Chromebook haina habari ya kupelekwa kwa fundi kila baada ya miezi ikapigwe Windows upya. Ikikorofisha kabisa, kwenye ukurasa wa kuingilia unabonyeza Ctrl, Alt, Shift na R kwa pamoja, unakubali kufuta kila kitu, na baada ya dakika chache unaingiza akaunti yako. Nyaraka, barua na kurasa ulizozialamisha vinarudi kama havijawahi kuondoka.

Ila kuna folda moja isiyorudi, nayo imewaliza wengi. Folda ya vipakuliwa iko kwenye mashine yenyewe, haiko Google Drive, hifadhi ya mtandaoni ya Google. Risiti ya ada uliyoipakua, PDF ya matokeo ya mwanao, picha uliyoitoa kwenye WhatsApp: kama hukuihamishia Drive mwenyewe, imekwenda na maji.

Tuseme basi umeandika CV yako na kufunika laptop. CV iko wapi? Hakuna mahali ambapo pana diski moja yenye jina lako. Mwaka 2003 Google walieleza hadharani jinsi mfumo wao wa mafaili wa wakati huo ulivyofanya kazi: data ilikatwa vipande vya MB 64, na kila kipande kikatunzwa katika nakala 3 kwenye mashine tofauti. Diski ikifa, mfumo ulijua ni vipande gani vilikuwa humo na kuvinakili upya kutoka kwenye nakala zilizosalia, bila mtu yeyote kuamshwa usiku. Nakala 3 ni gharama kubwa ukiwa na mamilioni ya watumiaji, kwa hiyo wakubwa hawa wakageukia hisabati. Facebook walieleza mwaka 2014 kwamba data za picha na video zisizofunguliwa mara kwa mara huzigawa mafungu 10, kisha wanakokotoa mafungu 4 ya ziada kutokana na yale 10. Yote 14 husambazwa kwenye makabati tofauti ya seva. Yapotee yoyote manne, yale 10 yaliyobaki yanatosha kurudisha kila kitu. Badala ya nafasi mara 3, ndani ya kituo kimoja cha data, yaani jengo la seva, unatumia mara 1.4.

Kazi yote hiyo inafanywa kwa sababu diski zinakufa kweli. Backblaze, kampuni ya Marekani inayohifadhi data na kuchapisha takwimu za diski zake, huona diski 1 hadi 2 kati ya 100 zikifa kila mwaka. Flashi iliyo mfukoni mwako haijawahi kufanyiwa takwimu, lakini sote tunajua mtu ambaye yake ilifuliwa pamoja na suruali.

Amazon, wanaouza hifadhi kwa makampuni mengine, hutaja uimara wa asilimia 99.999999999. Kwa maelezo yao wenyewe, ukiweka vitu milioni 10, tarajia kupoteza kimoja kila baada ya miaka 10,000. Mimi nainunua hesabu hiyo. Kwenye suala la diski, hakuna mtu nyumbani kwake, hata awe na flashi ngapi, anayeweza kushindana na vituo hivi. Tatizo ni kwamba mafaili ya watu hayapotei kwa sababu ya diski peke yake.

Februari 2011 asilimia 0.02 ya watumiaji wa Gmail walifungua akaunti zao wakakuta hakuna hata barua moja. Kwa huduma kubwa kiasi hicho, hata sehemu ndogo namna hiyo ni maelfu ya watu. Barua zao zilikuwa na nakala katika zaidi ya kituo kimoja cha data, lakini sasisho la programu ya hifadhi lilikuja na kasoro, na kasoro hiyo ikazigusa nakala zote. Nakala zinazotii amri moja hufa kwa amri moja. Kilichookoa jahazi ni kanda za sumaku, ndugu wa kaseti tulizosikilizia taarabu. Google walikuwa wakinakili barua kwenye kanda na kuziweka kando, nje ya mtandao, mahali ambapo kasoro ya programu haifiki. Wakaanza kuzisoma kanda na kurudishia watu barua zao. Linganisha na Agosti 2015, radi ilipopiga mara 4 kwenye gridi ya umeme inayolisha kituo chao cha Ubelgiji: kilichopotea moja kwa moja kilikuwa chini ya asilimia 0.000001 ya nafasi ya diski za huduma iliyoguswa. Radi ilishindwa kufanya kilichofanywa na programu mbovu.

Kisa cha UniSuper kinatisha zaidi. Huu ni mfuko wa pensheni wa Australia wenye wanachama zaidi ya 600,000, nao ulikodi mitambo ya Google. Mei 2024 sehemu ya mitambo hiyo ikafutika, na kwa siku kadhaa wanachama wakashindwa kuingia kwenye akaunti zao. Uchunguzi ulionyesha kwamba wakati wa kuandaa mitambo, mfanyakazi wa Google aliacha nafasi moja wazi kwenye programu ya ndani. Mfumo ukaijaza wenyewe: muda wa matumizi, mwaka 1. Mwaka ulipotimia, ukaifuta kama ulivyoelekezwa. Nakala ambazo UniSuper walikuwa wameziweka kwa kampuni nyingine zilichangia kuwarudisha kwenye kazi. Serikali ya Korea Kusini haikuwa na bahati hiyo: Septemba 2025 moto kwenye kituo chake cha data mjini Daejeon uliteketeza TB 858 za kazi za watumishi wa umma, na nakala ya nje haikuwepo.

Sisi wadogo yetu huwa rahisi zaidi. Watu wengi wakiona faili moja liko kwenye simu, kwenye laptop na kwenye Drive, wanadhani wana nakala 3. Wana faili moja linaloonekana sehemu 3. Lifute kwenye simu, litaondoka kote. Drive italiweka kwenye pipa la taka kwa siku 30, baada ya hapo ndiyo basi. Mpiga picha Peter Krogh ndiye aliyeeneza kanuni ya 3-2-1: nakala 3, kwenye vyombo vya aina 2, na 1 kati ya hizo iwe mbali na nyumbani. Drive inaweza kuwa hiyo ya mbali. Diski ya nje ndani ya kabati, unayoichomeka mara moja kwa mwezi na kuichomoa, inafanya kazi ileile ya zile kanda za 2011.

Halafu kuna akaunti yenyewe, na hapa ndipo huku kwetu tunaumia kuliko kwa diski zote za dunia. Mtu hadanganyiki na ujumbe wa "ile hela tuma kwenye namba hii", lakini akipigiwa simu na sauti ya upole inayojitambulisha kama huduma kwa wateja, anasoma namba za siri zilizotumwa kwenye SMS moja baada ya nyingine. Mwingine alifungua akaunti kwa laini aliyoitupa zamani. Laini ikikaa miezi bila kutumika, kampuni huifunga na namba hupewa mteja mwingine. Siku umesahau nywila, namba za kukurudishia akaunti zinalia kwenye simu ya mtu usiyemjua. Google hutoa orodha ya namba 10 za dharura za kuingilia akaunti, kila moja ya tarakimu 8. Ziandike kwenye karatasi, karatasi iweke pamoja na cheti cha kuzaliwa. Ni ushauri wa kizee, najua, lakini hakuna tapeli wa mtandaoni anayefungua droo yako.

Mtandao nao una siku zake. Mei 12, 2024 nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilikatika kaskazini mwa Durban, na intaneti ya Afrika Mashariki ikaanza kuchechemea. Tanzania ni kati ya nchi zilizoumia zaidi. Mafaili yalikuwa salama kabisa kwenye seva zao, kufikiwa ndiyo ilikuwa shida. Docs, programu ya Google ya kuandikia, na Drive zinaweza kufanya kazi bila mtandao, kwa sharti moja: uwe umewasha mpangilio huo wakati mtandao upo. Na piga hesabu ya bando kabla hujaamua kupandisha albamu nzima ya harusi. GB 10 kwenye laini inayopandisha megabiti 2 kwa sekunde ni takriban saa 11. Nyaraka hazina neno, kurasa 10 za maandishi ni makumi ya kilobaiti tu.

Je, Google wanakusomea? Data zako zimefungwa kwa msimbo zikiwa kwenye diski zao, ila kwenye Drive ya kawaida ufunguo wanao wao. Wanaweza kuzifungua kwa amri ya mahakama, na mitambo yao hukagua kama umekiuka masharti. Huduma kama Proton Drive hufunga faili kwenye kifaa chako kabla halijaondoka, ufunguo ukabaki kwako. Ubaya wake ni kwamba ukipoteza nywila na njia za kuirejesha, hata wao hawana msaada. Kwa CV na mapishi, Drive inatosha. Kwa nakala ya hati ya kiwanja au majibu ya hospitali, mimi ningefikiria mara mbili.

Tukirudi dukani: mwanafunzi, mwandishi au katibu wa kikundi cha kukopeshana, Chromebook inamtosha na chenji inabaki. Anayehariri video au kutumia programu nzito ya uhasibu ya Windows aiache palepale. Baadhi ya zilizotumika zilikuwa za shule za Marekani, kwa hiyo kabla ya kutoa hela, mwambie muuzaji aifute mbele yako na kuiwasha upya. Ikiandika kwamba inasimamiwa na shule fulani na kutaka akaunti ya huko, usichukue, kwa sababu kuifuta tena hakuondoi kufuli hilo. Kisha fungua mipangilio, sehemu ya kuhusu ChromeOS, usome tarehe ya mwisho ya masasisho. Tangu 2023 Google huahidi miaka 10, lakini hesabu huanza aina hiyo ya mashine ilipotoka kiwandani, haianzi siku uliyoinunua.

Nafasi ya bure ni GB 15, ikigawanywa kati ya Gmail, Drive na picha. Ukitumia simu inayopiga picha za MB 3, hizo ni kama picha 5,000, kisha utaanza kulipia. Akaunti isiyoguswa kwa miaka 2 inaweza kufutwa pamoja na vyote vilivyomo, jambo linalowahusu hasa wazee waliofunguliwa akaunti na wajukuu na hawajaingia tena. Ndani ya mipangilio ya Google kuna sehemu ya kusimamia akaunti iliyolala, iliyoanzishwa 2013: unachagua ni baada ya miezi 3, 6, 12 au 18 ya ukimya, unataja hadi watu 10, na muda ukifika wanapelekewa ujumbe wa kuja kuchukua ulivyowaachia.